Upanga wa plastiki unaowaka: kwa nini unavunjika, na kwa nini mwanga wake unageuka wa machungwa

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari katika komine ya Kampemba, hapa Lubumbashi, na ndimi ninayesimamia kikundi cha maigizo cha shule yetu. Mwaka huu tunaandaa mchezo wa masimulizi ya Waluba juu ya Kalala Ilunga na mfalme Nkongolo Mwamba, na tulitaka upanga unaotoa rangi za upinde wa mvua. Kijana mmoja mwenye printa ya 3D alituchapia vipande vinne vya ubapa wa sentimita 90 kwa plastiki ya PLA. Tuliviunganisha kwa gundi ya haraka, tukapitisha ndani utepe wa taa unaopanda upande mmoja hadi kwenye ncha na kushuka upande wa pili. Siku ya pili ya mazoezi upanga ulivunjika kwenye kiungo. Tulipoutengeneza, ukapinda baada ya kuachwa ndani ya gari adhuhuri. Tena tukiwasha rangi nyeupe, upande wa kwanza unakuwa mweupe, lakini upande wa pili unageuka wa machungwa kadiri unavyorudi kwenye mpini, na betri mbili tulizozitoa katika kompyuta mpakato ya zamani zinapata joto. Je, tukichapa upya kwa plastiki iliyojaa asilimia mia moja na kununua betri kubwa zaidi, tutakuwa tumemaliza?"*

Mwalimu, kabla sijasema lolote juu ya plastiki, naomba leo hii uzitoe betri hizo ndani ya mpini, na zisichajiwe tena. Mengine yote uliyoyaandika yanaleta hasara ya muda na ya fedha tu, lakini betri inayopata joto mkononi mwa mwanafunzi inaweza kuleta jeraha, kwa hiyo nitaanza nayo, kisha turudi kwenye ubapa na taa kwa utulivu.

Seli za mviringo zinazotoka katika kompyuta mpakato, ambazo mafundi huziita 18650 kwa sababu zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ni seli za lithiamu. Zikiwa ndani ya kompyuta hulindwa na kibao kidogo cha umeme kinachokata mkondo zinapojaa kupita kiasi, zinapoisha kupita kiasi, au nyaya zinapogusana. Mtu anayezibandua na kuziunganisha mwenyewe kwa kawaida hukitupa kibao hicho pamoja na ganda la betri, na ulinzi wote huenda nacho. Zaidi ya hapo, seli iliyokaa miaka bila kuchajiwa mara nyingi imeshuka chini ya volti 2.5, na ikizidi kushuka huweza kutokea jambo ambalo sisi wakazi wa mji wa shaba tungepaswa kulielewa mapema kuliko wengine: karatasi nyembamba ya shaba inayokusanya umeme upande wa hasi huanza kuyeyukia ndani ya kimiminika cha seli, na seli inapochajiwa upya, shaba hiyo huganda mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha chanya na hasi kwa ndani. Kosa la namna hiyo halionekani kwa macho, wala hakuna swichi inayoweza kulizima. Kama moja ya seli hizo imevimba, au inatoa harufu tamu inayofanana na ya kiondoa rangi ya kucha, msiitoboe wala msiibane. Iwekeni nje ya jengo, ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na kitu chochote kinachoshika moto, hadi mpate fundi wa kuichukua.

Sasa, je, dawa ni betri kubwa zaidi? Nadhani hapa ndipo mlipopotea njia, na si ninyi peke yenu, kwa kuwa karibu kila mtu anayenijia na taa zinazofifia huanza kwa kuilaumu betri. Betri zenu zilipata joto kwa sababu zilidaiwa mkondo mwingi mno, na ukiileta betri kubwa bila kupunguza dai hilo, joto litahama kutoka kwenye betri kwenda kwenye nyaya.

Tufanye hesabu pamoja. Kwa maelezo yako ya rangi, utepe wenu bila shaka ni wa taa zinazoamriwa moja moja, na aina inayopatikana kirahisi ni WS2812B ya volti 5 yenye taa 60 kwa kila mita. Utepe unaopanda sentimita 90 na kushuka sentimita 90 ni mita 1.8, yaani taa 108. Ndani ya kila taa mna vitaa vitatu, chekundu, kijani na buluu, na kila kimoja hunywa takriban miliampea 20 kinapowaka kikamilifu. Nyeupe ni vyote vitatu kwa pamoja, yaani miliampea 60. Zidisha kwa 108, nawe utapata karibu ampea 6.5, au wati 32. Chaja ya kawaida ya simu hutoa wati 10, kwa hiyo mlikuwa mnaziomba seli mbili zilizochoka kufanya kazi ya chaja tatu kwa wakati mmoja.

Lakini mchezo wenu hauhitaji nyeupe hata kidogo. Jina Nkongolo maana yake ni upinde wa mvua, na upinde wa mvua una bei nafuu kwa umeme. Katika programu ya kawaida ya kuzungusha rangi, kitaa kimoja hufifia kadiri kingine kinavyong'aa, na jumla ya vyote vitatu haizidi kiasi cha kitaa kimoja kilichowashwa kikamilifu. Hiyo ni theluthi ya mkondo wa nyeupe. Mkishusha mwangaza hadi nusu, yaani 128 badala ya 255 katika programu, mtabaki na sehemu moja kwa sita ya dai la awali, na ndani ya ukumbi wenye giza watazamaji hawatagundua, kwa sababu jicho halipimi mwanga kama mita ya umeme inavyoupima: nusu ya mwanga machoni haionekani kuwa nusu. Kama mnatumia Arduino, kile kibao kidogo cha kuamuru taa, pamoja na FastLED, maktaba ya amri za taa zilizokwisha kuandikwa, humo mna amri ya kuweka kikomo cha miliampea, na programu yenyewe itapunguza mwangaza kila inapokaribia kuvuka. Iwekeni, hata kama mnaamini hamtaihitaji, kwa kuwa siku ya onyesho kuna mwanafunzi atakayebonyeza kitufe cha nyeupe.

Rangi ya machungwa inaeleweka kwa hesabu ileile. Ndani ya utepe, umeme hupita katika tabaka jembamba sana la shaba, na kila taa inayowaka njiani hukata fungu lake. Mkondo ukiwa mkubwa na njia ikiwa nyembamba, volti hupungua hatua kwa hatua. Utepe unaoanza na volti 5 unaweza kuwa na chini ya 4 mwishoni. Kitaa chekundu huwaka kwa takriban volti 2 tu, wakati kijani na buluu huhitaji karibu 3 au zaidi, hivyo volti zinaposhuka buluu ndiyo ya kwanza kulegea, kijani hufuata, na nyekundu hubaki ikitawala. Ndiyo maana upande wenu wa kwanza ni mweupe, na upande wa pili unageuka kadiri unavyorudi: mahali penye rangi ya machungwa kali kabisa, karibu na mpini, ndipo mwisho wa utepe ulipo, hata kama kwa macho ni sentimita tatu tu kutoka mahali unapoanzia.

Ukielewa hivyo, dawa inakuwa ya kuchekesha kwa urahisi wake. Miisho yote miwili ya utepe ipo mpinini. Chukueni nyaya mbili fupi, moja ya chanya na moja ya hasi, mlehemu mwisho wa utepe kwenye chanzo kilekile cha umeme kinacholisha mwanzo wake, na machungwa yatapungua sana bila kununua kitu. Waya wa data, ule unaobeba amri za rangi, ndio usiunganishwe mwishoni. Hata hivyo, kwa kuwa mtachapa upya, mimi ningeacha kabisa kuukunja utepe kwenye ncha, maana shaba yake hukatika inapopigwa kona kali mara kwa mara. Kateni vipande viwili vilivyo sawa, kila kimoja kianzie mpinini na kuishia kwenye ncha, na vyote viwili vipokee data kutoka pini moja ya Arduino. Pande mbili zitaonyesha rangi zilezile kwa wakati mmoja, na programu itashughulikia nusu ya taa tu.

Umeme wenyewe utoke katika pawabenki ndogo ya mviringo, mpya, iliyoandikwa kuwa inatoa volti 5 na angalau ampea 2. Si kwa sababu seli iliyomo ni ya kimiujiza, kwani ni ya lithiamu vilevile na pengine ina kobalti iliyopita Kolwezi, mji wa migodi, bali kwa sababu imekuja na ulinzi wake, ina tundu lake la kuchajia, na ikiharibika huchomolewa kwa sekunde mbili. Pawabenki ya miliampea-saa 5,000, kwa upanga ninaoueleza hapa chini ukiwa nusu mwangaza, itawaka zaidi ya saa mbili, muda unaotosha mchezo mzima pamoja na hotuba za wageni rasmi. Kwenye njia ya umeme wekeni fyuzi ya ampea 2. Kati ya chanya na hasi, mwanzoni mwa utepe, kapasita ya mikrofaradi 1,000, kifaa kinachotuliza umeme. Na kwenye waya wa data, rezista ya omu 330 hadi 470, kifaa kinachozuia mkondo kidogo. Vitu hivi vitatu ni vya bei ndogo, na hupatikana hata katika redio zilizokufa kwa mafundi wa Kamalondo.

Nije sasa kwenye ubapa, ambao naona umekuuma zaidi.

Printa ya 3D huyeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza tabaka juu ya tabaka. Ndani ya tabaka moja, plastiki ni mstari usiokatika na ina nguvu nzuri. Kati ya tabaka na tabaka, kuna plastiki ya moto iliyogusana na plastiki iliyokwisha kupoa, na muungano huo siku zote ni dhaifu zaidi. Kwa maelezo yako nina hakika kijana wenu alivisimamisha vipande wima kama mishumaa, kwa kuwa sahani ya printa nyingi za nyumbani ni milimita 220 kwa 220 na kimo ni milimita 250, na sentimita 90 zikigawanywa kwa nne ni 22.5. Ni uamuzi unaoeleweka, lakini unazilaza tabaka zote kwa kukingama na urefu wa upanga, hivyo kila anapoutikisa mwigizaji, nguvu inakwenda moja kwa moja kuyatenganisha matabaka hayo, sawa na mtu anayepasua kuni kwa kufuata nyuzi zake. Angalieni mahali palipovunjika: kama uso wake ni laini na una mistari myembamba iliyolala, ni tabaka zilizoachana, kama unang'aa kama kioo, ni gundi ya haraka, ambayo hushika sana inapovutwa lakini ni kavu na haivumilii kupigwa wala kupindwa.

Kujaza asilimia mia moja hakuondoi hata moja kati ya hayo. Kiungo kitabaki kiungo, na tabaka zitabaki kukingama. Tena kitu kinapopindwa, mzigo hubebwa na sehemu zilizo mbali na katikati, yaani ngozi ya nje, na plastiki ya katikati huwa abiria tu. Ubapa wa sentimita 90 wenye upana wa sentimita 5 na unene wa 2.4 katikati, ukijazwa PLA yote, unakaribia gramu 670 kabla ya mpini, na uzito huo unaning'inia mbali na mkono wa mtoto wa miaka kumi na sita, ukiongeza nguvu ileile inayouvunja. Na mtawasha nini ndani yake, ikiwa hakuna nafasi ya mwanga kupita?

Ushauri wangu ni kwamba plastiki iwe ngozi, na mfupa utafutwe kwingine. Nendeni kwa mafundi wanaotengeneza milango na madirisha ya aluminiamu, mwombe mrija wa mraba wa milimita 12 kwa 12 wenye ukuta wa milimita 1, urefu wa sentimita 90 hivi. Mara nyingi huwa kipande kilichobaki kwenye kazi ya mtu mwingine, na uzito wake hauzidi gramu 110. Mrija huo utapita tangu ndani ya mpini hadi karibu na ncha, bila kiungo. Bomba la PVC la nyaya za umeme ni rahisi zaidi kupatikana, nami nimelitumia, lakini hupinda na kurudi, na ngozi iliyobandikwa juu yake hupasuka polepole. Mti wa ufagio ni mgumu wa kutosha ila mzito, na haupitishi nyaya ndani. Aluminiamu inanipendeza kwa sababu nyingine pia: hupokea joto la taa na kulitawanya. Kasoro yake ni kwamba inapitisha umeme, kwa hiyo kila mahali palipolehemiwa pafunikwe kwa utepe wa kuhami, na kingo za matundu zipigwe tupa ili zisikwaruze nyaya.

Ngozi ichapwe ikiwa imelala, katika nusu mbili zinazofunikana kama maganda ya karanga, ili tabaka zifuate urefu wa upanga. Ukikilaza kipande chenye upana wa sentimita 5 kimshazari kwenye sahani ya milimita 220, urefu unaoingia ni takriban sentimita 26. Kwa hiyo ningepunguza ubapa hadi sentimita 78, vipande vitatu kamili kwa nusu moja. Kwa nusu ya pili ningekata 13, 26, 26 na 13, ili viungo vya upande huu visikutane na vya upande ule, kama mjenzi anavyopishanisha matofali. Jukwaani sentimita 78 ni upanga mzima. Aliye mstari wa nyuma hatahesabu zile 12 zilizopungua. Ukuta uwe wa milimita 1.2, bila ujazo wowote wa ndani, na ngozi yote itakuwa na uzito wa gramu 130 hivi. Gundi iwe epoksi ya mirija miwili, baada ya kukwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 120, na iachwe usiku kucha hata kama karatasi yake imeandika dakika tano.

Kupinda ndani ya gari ni jambo jingine kabisa, wala si ishara ya uchapaji mbaya. PLA huanza kulegea kati ya nyuzijoto 55 na 60, na gari lililofungwa juani, katika wiki za Oktoba kabla ya mvua kuanza hapa kwetu, hufika huko kwa urahisi karibu na kioo cha mbele. Plastiki nyingine ya uchapaji, PETG, hulegea karibu na 80, huchapika kwenye printa zilezile, na ile nyeupe au isiyotiwa rangi hupitisha mwanga vizuri. Aina ya tatu, ABS, huvumilia hata zaidi ya 100, lakini hujikunja wakati wa kuchapwa na hutoa mvuke ambao sipendi vijana wauvute katika chumba kisicho na madirisha. Sioni sababu ya kuitafuta. Kijana wenu ajue tu kwamba PETG hunywa unyevu wa hewa, hasa Novemba hadi Aprili, kisha hutoa viputo na nyuzi kama za buibui. Uzi ukaushwe kwenye nyuzijoto 60 hadi 65 kwa saa kadhaa na uhifadhiwe ndani ya chombo kinachofungwa vizuri. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, printa nyingi zinaweza kuendelea pale zilipoachia, lakini mara nyingi sahani huwa imekwisha kupoa na kipande kimebanduka, au tabaka la mahali hapo limeshika vibaya. Kipande kilichokatikiwa umeme kichapwe upya, msikitie moyo wa huruma.

Mpangilio wa taa ndani ya ngozi hiyo unastahili dakika moja ya subira, maana hapa ndipo upanga huonekana ama kama mwale mmoja wa mwanga, ama kama mstari wa vitone vya taa za harusi. Taa 60 kwa mita zimepishana kwa milimita 16.7. Ili vitone viungane machoni, umbali kutoka taa hadi kwenye ngozi unapaswa angalau kukaribia nafasi hiyo. Mkiubandika utepe ukiangalia nyuso pana za ubapa, umbali ni milimita 6 tu au pungufu, na vitone vitaonekana vyote. Ubandikeni kwenye pande mbili za mrija zinazoangalia makali: hapo kuna karibu milimita 18, mwanga unatawanyika kabla ya kugonga ngozi, na makali ndiyo yanayowaka, jambo ambalo hata kwa macho ya hadithi lina maana zaidi. Kama bado mnaona vitone, ukanda wa ile sponji nyeupe nyembamba inayofungia runinga mpya ndani ya boksi, ukiwekwa kati ya taa na ngozi, utamaliza kazi.

Mrija uingie ndani ya mpini angalau sentimita 12 na ushikwe kwa bolti mbili za milimita 4 zinazopita upande hadi upande. Gundi peke yake haitoshi hapo, kwa kuwa mpini ndipo nguvu zote za mkono zinapokutana na nguvu zote za ubapa. Pawabenki ikae nyuma kabisa, mwisho wa mpini, na uzito wake utasawazisha upanga.

Rangi sina mengi ya kusema: mastiki ya mafundi wa bodi za magari kwenye viungo, msasa 240 kisha 400 mkiwa mmefunika pua na mdomo, na rangi ya kupuliza kwenye mpini na katikati ya ubapa pekee, si kwenye makali.

Jambo moja hukuuliza, lakini mchezo wenu unalileta lenyewe. Masimulizi ya Waluba yanaishia kwa Nkongolo kukatwa kichwa, na ninawajua vijana: watataka kupiga. Upanga huu, hata ukifuata kila neno nililoandika, ni wa kuonyeshwa na kuinuliwa. Haukutengenezwa kugonga upanga mwingine, sembuse kushuka karibu na shingo ya mtu. Mrija wa aluminiamu chini ya ngozi nyembamba ni chuma mkononi. Pangeni tendo hilo kwa umbali wa mikono miwili kati ya waigizaji, na mwacheni mtu wa programu aligeuze jambo: rangi za upinde wa mvua zisimame ghafla, zigeuke nyekundu tupu, kisha zizimike kuanzia ncha kurudi mpinini. Watazamaji watauona upanga ukikata bila kugusa kitu. Ila taa zisimetemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwani mmweko wa kasi unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa, na katika ukumbi wa shule huwezi kujua ni nani aliye nacho.

Vilevile, msiusafirishe ukiwa umeunganishwa. Bolti mbili za mpini zinafunguka kwa dakika moja, hivyo ubapa uende ndani ya mfuko wa nguo na mpini ndani ya boksi, na anayebeba awe mtu mzima mwenye barua ya shule yenye muhuri. Kijana aliyesimama njiani jioni na kitu kirefu kinachofanana na silaha hatapewa nafasi ya kueleza habari za PETG.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana: kuchapa, kubandika na kupaka rangi mnaweza wenyewe. Kulehemu utepe mnaweza kujifunza kwa kipande cha majaribio, lakini kama hakuna kati yenu aliyewahi kushika chuma cha kulehemu, mtafuteni mwanafunzi wa umeme wa Kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi aketi nanyi mchana mmoja, kwani kiungo kibaya cha risasi huonekana kizuri hadi upanga utikiswe. Mkimaliza, uwasheni juu ya meza ya saruji kwa dakika 20, rangi zote zikizunguka, kisha mguse mpini, fyuzi na mwanzo wa utepe. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kama kuna mahali kiganja hakiwezi kutulia kwa sekunde kumi, chomoeni pawabenki na mpeleke mpini mzima kwa fundi, nyaya zikiwa kama zilivyo. Msizipange vizuri kwanza, kwa sababu ule mvurugano ndio utakaomwonyesha kosa lilipo.